Mwavuli wa Mrukaji na Kamba ya Mrina Asali

Mkoa wa Katavi, uliotengwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012 na kufanya mji wa Mpanda kuwa makao yake makuu, ni nchi ya miombo. Msafiri atokaye Mpanda kwenda Inyonga hupita katikati ya msitu ulioenea pande zote, na katika matawi ya miti mirefu huiona mizinga ya nyuki. Mingine imetengenezwa kwa magome, mingine kwa magogo yaliyotobolewa. Mizinga hiyo hutundikwa juu kwa sababu zenye maana. Huko huwa mbali na moto wa nyasi wakati wa kiangazi, mbali na siafu, na mbali na nyegere, mnyama mdogo mwenye ujasiri mkubwa ambaye hupenda asali na hujua kuuvunja mzinga ulio karibu na ardhi.

Lakini kimo kinachomsumbua nyegere humsumbua mwanadamu pia. Mrina asali hana budi kuufuata mzinga wake juu ya mti, aghalabu usiku, wakati nyuki wamepoa. Moshi humwingia machoni, nyuki humchoma, na mkono mmoja tu ndio ulio huru kushika tawi. Kinachomtenga na ardhi ni kipande cha kamba, na uhai wake hutegemea jinsi kamba hiyo ilivyochaguliwa.

Katika nchi nyingine wako watu wanaopanda mahali pa juu kwa nia tofauti kabisa. Hao hupanda miamba, minara na madaraja ili waruke, wakiwa wamebeba parachuti mgongoni, yaani mwavuli wa angani. Kwa mtazamo wa kwanza, mrukaji huyo na mrina asali wa Katavi hawana uhusiano wowote: mmoja anatafuta mchezo, mwingine anatafuta riziki. Hata hivyo sheria ya maumbile inayowatawala ni moja, na makosa yanayowaua ni yale yale. Kwa kuwa warukaji na mafundi wao wameyachunguza makosa hayo kwa muda mrefu, mengi waliyojifunza yanaweza kumsaidia mtu ambaye hatavaa parachuti maishani mwake.

Muda wa kuanguka

Kitu kinapoachiliwa, mvutano wa dunia hukiongezea mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Ongezeko hilo ndilo huitwa mchapuko. Iwapo ukinzani wa hewa hautahesabiwa, umbali wa kuanguka ni nusu ya mchapuko ikizidishwa kwa muda uliopita mara mbili. Kutokana na kanuni hiyo, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huikuta, twapata hesabu zifuatazo:

Kimo cha mita 5: sekunde 1.0, mwendo wa kilometa 36 kwa saa.
Kimo cha mita 10: sekunde 1.4; mwendo wa kilometa 51 kwa saa.
Kimo cha mita 20: sekunde 2.0, mwendo wa kilometa 72 kwa saa.
Kimo cha mita 45: sekunde 3.0, mwendo wa kilometa 108 kwa saa.
Kimo cha mita 125: sekunde 5.0, mwendo wa kilometa 180 kwa saa.

Katika vimo vikubwa hewa hupunguza mwendo kidogo, lakini kwa mti wa miombo hesabu hizi ni sahihi vya kutosha. Zatufundisha mambo mawili. Kwanza, mtu aangukaye kutoka mita 10 huigonga ardhi kwa mwendo wa gari linalopita mjini. Pili, anayo sekunde moja na nusu tu. Muda huo hautoshi kufikiri, kutafuta tawi, wala kufunga fundo lililosahauliwa. Basi kila uamuzi unaohusu usalama wake hauna budi kufanywa akiwa bado chini.

Hewa kama breki

Parachuti ni chombo cha kuitumia hewa kama breki. Mtu aangukaye kifudifudi kutoka katika ndege huendelea kuongeza mwendo mpaka ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake. Hapo mwendo hauongezeki tena, nao huwa karibu mita 54 kwa sekunde, yaani kilometa 195 kwa saa. Parachuti haibadilishi uzito wa mtu. Hubadilisha ukubwa wa eneo linalokinza hewa, na hivyo kuushusha mwendo huo wa mwisho.

Ukubwa unaohitajika waweza kukadiriwa. Ukinzani wa hewa ni nusu ya uzani wa hewa katika kila mita ya ujazo, ikizidishwa kwa mwendo mara mbili, kwa eneo la mwavuli, na kwa namba inayotokana na umbo lake. Namba hiyo kwa mwavuli wa duara ni karibu 0.75. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mita moja ya ujazo ya hewa yake ina takriban kilo 1.1. Mtu na mzigo wake wakiwa na kilo 90, uzito wao ni nyutoni 900. Wakitakiwa kushuka kwa mita 5.5 kwa sekunde, eneo la mwavuli litakuwa mita za mraba 72 hivi, yaani duara lenye kipenyo cha mita 9 na nusu. Huo ni upana wa chumba kikubwa cha darasa. Na hata hapo mtu hutua kama aliyeruka kutoka kimo cha mita moja na nusu. Mwanafunzi anayedhani kwamba mwavuli wa mvua ungeweza kumtua salama kutoka juu ya paa na aifanye hesabu hii mwenyewe kwanza.

Twapata hapa sababu ya parachuti kutomfaa mrina asali. Mwavuli wa mita za mraba 72 hauna nafasi ya kufunguka katikati ya matawi, wala katika sekunde moja na nusu. Lakini tusiuache bado, kwani historia yake ina mafunzo.

Mshonaji wa Paris

Mnamo mwaka 1797 Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka salama mjini Paris kwa parachuti aliyoifungua baada ya kujitenga na puto lililomwinua. Mwavuli wake haukuwa na tundu kileleni. Hewa iliyonaswa ndani ilitoroka kwa ukingo, mara upande huu mara upande ule, na abiria wake akapepesuka kama ndoo iliyoning'inizwa kwenye upepo. Baadaye ilitambuliwa kwamba tundu dogo katikati huipa hewa njia ya kupita na kuutuliza mwavuli. Ni jambo la kustaajabisha: kitambaa kilichotobolewa kwa mpango kilikuwa salama kuliko kitambaa kizima.

Tarehe 4 Februari 1912, katika mji huo huo, mshonaji wa nguo aitwaye Franz Reichelt alipanda jukwaa la kwanza la mnara wa Eiffel, lililo mita 57 hivi juu ya ardhi. Alikuwa ameshona vazi ambalo kwa imani yake lingegeuka kuwa parachuti. Wakuu wa polisi walimruhusu wakidhani kwamba angeangusha sanamu ya mtu. Yeye aliamua kuruka mwenyewe. Vazi halikufunguka ipasavyo, naye akafa papo hapo mbele ya wapiga picha. Mita 57 zilimpa sekunde tatu na nusu.

Reichelt hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa fundi hodari wa kazi yake. Kosa lake lilikuwa kuyafanya majaribio kwa uhai wake badala ya kuyafanya kwa mfuko wa mchanga. Majaribio yake ya awali kwa sanamu hayakuwa yamefaulu kwa namna ya kuaminika, lakini aliamini kwamba kimo kikubwa zaidi kingeleta matokeo mema. Kifaa ambacho hakijafaulu bila mtu hakina sababu ya kufaulu kikiwa na mtu.

Wanaoruka kutoka miambani

Mrukaji wa ndege huacha ndege katika kimo cha mita 3,000 au 4,000, na hufungua parachuti akiwa karibu mita 1,000 kutoka ardhini. Ikikataa kufunguka, katika mwendo wa mita 54 kwa sekunde bado anazo sekunde 18 hivi. Kwa hiyo hubeba parachuti mbili, kuu na ya akiba. Wengi hubeba pia chombo kinachopima kanieneo ya hewa na kuifungua ile ya akiba chenyewe endapo mrukaji amezimia.

Arukaye kutoka mwambani hana akiba hiyo ya muda. Kutoka mita 125 anazo sekunde tano kwa jumla, na parachuti ya pili isingewahi kufunguka. Kwa sababu hiyo yeye hubeba parachuti moja tu. Mtu asiyejua angeweza kusema kwamba huko ni kupuuza usalama. Ukweli ni kwamba kukosekana kwa akiba humlazimisha kuchagua na kukunja ile moja kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwani hakuna jingine la kurekebisha kosa.

Uchaguzi wenyewe hufuata mazingira. Kila parachuti ya namna hii huvutwa nje ya mfuko na parachuti ndogo inayotangulia. Katika mruko wa ndege, mwendo ni mkubwa na parachuti tangulizi ndogo hutosha. Katika mruko wa mwambani, mwendo bado ni mdogo, hewa ina kani kidogo, kwa hiyo parachuti tangulizi huwa pana zaidi. Aidha, parachuti za ndege huwa na kipande cha kitambaa kinachoteleza juu ya kamba zake ili kuchelewesha ufunguzi. Bila hicho, mshtuko katika mwendo wa kilometa 195 kwa saa ungeweza kumjeruhi mrukaji na kukirarua kitambaa. Katika mruko mfupi kipande hicho huondolewa, kwa kuwa kuchelewa ndiko kifo. Yaani kifaa kile kile kinachookoa maisha katika kimo kimoja huweza kuyaondoa katika kimo kingine. Hakuna zana iliyo bora kila mahali. Iko zana inayolingana na kazi yake.

Tanzania nayo imewahi kushuhudia mruko wa aina hii. Mwaka 2015 Mrusi Valery Rozov aliruka kutoka ukuta wa mwamba wa Mlima Kilimanjaro, katika kimo kinachozidi mita 5,000, akiwa amevaa vazi lenye mbawa za kitambaa pamoja na parachuti. Katika kimo cha mita 5,500 hewa ina karibu asilimia 57 tu ya uzani wa hewa ya pwani. Vazi na parachuti hufanya kazi kwa kusukumana na hewa. Hewa ikipungua, mwendo hauna budi kuzidi. Hesabu zilizofaa pwani huwa hazifai tena. Rozov alikuwa miongoni mwa warukaji wenye ujuzi mkubwa duniani, lakini mwezi Novemba 2017 aligonga mwamba na kufa alipokuwa akiruka kutoka mlima Ama Dablam nchini Nepal. Zana njema hupunguza hatari, haziifuti.

Kamba nayo ni breki

Sasa turudi Katavi. Kama hewa haiwezi kumsimamisha mrina asali, kamba itafanya kazi hiyo. Watu wengi hudhani kwamba kamba inayoweza kubeba gunia la mahindi la kilo 100 inaweza pia kumwokoa mtu wa kilo 70. Dhana hii ni ya hatari, kwa maana kubeba si sawa na kusimamisha.

Mtu aangukaye hukusanya nishati, na nishati hiyo hapana budi imalizwe katika umbali wa kusimama. Wastani wa kani inayomsimamisha ni uzito wake ukizidishwa kwa umbali wote alioanguka, kisha kugawanywa kwa umbali wa kusimama. Tuchukue mtu mwenye uzito wa nyutoni 700 ambaye kamba yake ilikuwa imelegea, akaanguka mita 2 kabla haijakaza. Kama kamba haivutiki na inamsimamisha katika sentimeta 10, umbali wote ni mita 2.1. Kani itakuwa nyutoni 700 mara 2.1, gawanya kwa 0.1, ambayo ni nyutoni 14,700. Hiyo ni mara 21 ya uzito wake. Kama kamba inavutika na kumsimamisha katika sentimeta 50, kani itakuwa nyutoni 3,500, yaani mara tano ya uzito wake. Viwango vya kazi za juu vinavyofuatwa katika nchi nyingi havitaki kani juu ya mwili ivuke nyutoni 6,000, hata kama mtu amefungwa mikanda iliyo bora.

Kutokana na hesabu hiyo yapatikana kanuni mbili. Ya kwanza: kamba ya kuokolea na ivutike kiasi. Ya pili, ambayo haina gharama yoyote: kamba isilegee. Mpandaji aifunge daima kwenye tawi lililo juu ya kifua chake, wala si chini ya miguu, ili akiteleza aanguke sentimeta chache badala ya mita mbili.

Kamba zipatikanazo

Kamba ya asili ya miombo ni ile ya magome. Hupatikana bure, huvumilia joto bila kuyeyuka, na mafundi wa mizinga wameitumia tangu kale kufungia na kutundikia. Kasoro yake ni kwamba nguvu ya kila kipande ni tofauti, na ikikauka au kuoza hukatika bila onyo. Yafaa kwa mzinga. Haifai kwa uhai.

Kamba ya mkonge hutengenezwa kutokana na zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na kuipa Tanga sifa duniani. Ikiwa mpya na yenye unene wa milimita 12, hukatika kwa kani ya nyutoni 9,000 hivi. Hushikika vizuri mkononi, lakini unyevu na ukungu huiozesha kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na haivutiki sana.

Kamba ambayo madukani huitwa manila mara nyingi si manila hata kidogo. Manila halisi hutokana na mmea wa jamii ya migomba wa Ufilipino. Ile ya buluu au ya kijani inayouzwa kwa mita ni plastiki, aghalabu polipropilini. Ikiwa mpya, ile ya milimita 12 huweza kufikia nyutoni 20,000. Hata hivyo jua huidhoofisha upesi, na huyeyuka katika joto la nyuzi 165 za Selsiasi. Kwa mtu anayepanda na kienge cha moto au bomba la moshi mkononi, cheche moja yatosha.

Kamba ya nailoni ndiyo ndugu wa parachuti. Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935 nchini Marekani katika maabara ya Wallace Carothers, na katika Vita vya Pili vya Dunia ikachukua nafasi ya hariri katika vitambaa vya parachuti, kwa kuwa hariri ya Japani haikupatikana tena. Sifa iliyoipa heshima hiyo ni kwamba hubeba mzigo mkubwa na pia huvutika kabla ya kukatika, karibu theluthi ya urefu wake. Ile ya milimita 12 hukatika kwa nyutoni zinazokaribia 29,000. Ikilowa hupoteza sehemu ya kumi hivi ya nguvu hizo, nayo pia huogopa moto, ingawa huyeyuka katika joto kubwa kuliko polipropilini.

Kwa hiyo unene pekee si kipimo. Kamba tatu zenye unene mmoja zaweza kupishana nguvu mara tatu.

Mnyororo na pete yake dhaifu

Nguvu ya zana zote ni nguvu ya sehemu iliyo dhaifu kuliko nyingine. Fundo hupinda nyuzi na kuzibana. Kwa kawaida hupunguza nguvu ya kamba kwa robo hadi nusu, kulingana na aina yake. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa kamba huchakaa, mafundi huchukua tahadhari ya mara kumi: kamba ya mtu iwe na uwezo wa kubeba walau mara kumi ya uzito wake. Kwa mtu wa nyutoni 700, hizo ni nyutoni 7,000 baada ya kuondoa kilichopotea katika fundo. Mkonge wa milimita 12, ukiwa mpya, una nyutoni 9,000. Fundo likichukua theluthi, zabaki 6,000. Hautoshi. Nailoni ya unene huo hubaki na zaidi ya 19,000.

Pete ya chuma inayounganisha kamba na mkanda iwe ile iliyotengenezwa kwa kupandia, yenye kifungio kisichofunguka chenyewe na yenye namba ya nguvu iliyogongwa juu ya chuma. Pete ya kufungia mbuzi au ya mfuko wa shule yafanana nayo kwa umbo tu.

Mkanda nao unahitaji maelezo. Wengi hujifunga kamba kiunoni. Mtu akianguka, kani yote humbana tumbo na uti wa mgongo, na akining'inia hushindwa kupumua vema. Nchini Marekani mkanda wa kiunoni ulipigwa marufuku kama zana ya kusimamisha anguko tangu Januari 1998. Unaotakiwa ni mkanda wa mwili mzima, unaopita mapajani, kifuani na mabegani kama ule wa mrukaji wa parachuti, ili kani igawanyike kwenye mifupa mikubwa. Hata hivyo, mtu aliyening'inia katika mkanda huo bila kusogea yumo hatarini, kwa kuwa damu hukusanyika miguuni. Hana budi kushushwa upesi. Basi mrina asali asipande akiwa peke yake msituni.

Maadui wa kamba

Kamba haifi siku inapokatika. Hufa kidogo kidogo kabla ya hapo. Jua huzigeuza nyuzi za plastiki kuwa kavu na zenye kuvunjika. Mchanga huingia kati ya nyuzi na kuzikata kila kamba inapokanyagwa. Tindikali ya betri huila nailoni, na huenda doa lisionekane. Kamba iliyosafirishwa karibu na betri ya gari isiaminiwe tena. Panya huitafuna ghalani kwa ajili ya harufu ya asali na nta. Kamba iliyokwisha kusimamisha anguko kubwa imemaliza kazi yake, hata ikiwa haina jeraha.

Ukaguzi wa kamba hufanywa kwa mikono na macho, sentimeta kwa sentimeta, mchana, kabla ya safari. Kidole hutafuta mahali palipolegea, palipokonda, palipokakamaa au palipong'aa kwa kuyeyuka. Nyuzi hufunguliwa kidogo ili kutazama ndani: unga ndani ya mkonge ni dalili ya kuoza. Kipande chenye shaka hukatwa vipande vifupi, ili mwingine asije akakiokota na kukiamini. Pia historia ya kamba ijulikane. Shati la mtumba halina hatari. Kamba ya mtumba huficha yaliyoipata.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kupunguza kupanda kwenyewe. Kapi likifungwa mara moja kwenye tawi imara, mzinga waweza kuteremshwa kwa kamba na kurinwa chini, kisha ukapandishwa tena. Vivyo hivyo mizinga ya kisasa yaweza kuwekwa kwenye vichanja vyenye kinga dhidi ya nyegere na siafu. Kuanguka ambako hakuwezekani hakuhitaji zana.

Majaribio ya shuleni

Mambo haya yaweza kuthibitishwa darasani kwa gharama ndogo, bila mwanafunzi yeyote kupanda juu.

Jaribio la kwanza. Katwe vipande vifupi vya kamba mbalimbali kutoka dukani na kutiwa katika ndoo ya maji. Kinachoelea ni plastiki nyepesi kama polipropilini, nailoni huzama. Hivyo jina la dukani laweza kupimwa kwa maji.

Jaribio la pili. Mfuko wa mchanga wa nusu kilo ufungwe kwa uzi wa kushonea unaoweza kuubeba bila kukatika. Kisha mfuko uinuliwe nusu mita na kuachiliwa. Uzi utakatika. Jaribio lirudiwe kwa kuunganisha uzi na mpira wa kukatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Wanafunzi waeleze kwa nini safari hii uzi umenusurika.

Jaribio la tatu. Mwavuli mdogo utengenezwe kwa mfuko wa plastiki na kamba nne zenye urefu sawa, ukiwa umebeba jiwe dogo. Uangushwe kutoka kimo kimoja mara tano na muda uandikwe. Kisha kitobolewe tundu dogo katikati, na jaribio lirudiwe. Mwendo wa kushuka na kupepesuka vilinganishwe.

Wanafunzi wengi wa Inyonga, Nsimbo na Mpanda wana baba, mjomba au kaka aendaye msituni na mizinga. Hao ndio watakaoulizwa jioni kamba yao ni ya aina gani, imenunuliwa lini, na imewahi kulowa tindikali au kupigwa jua kwa miaka mingapi. Swali hilo likiulizwa chini ya mti, kabla mguu haujaiacha ardhi, majibu yake yatapatikana kwa wakati. Likisubiri mpaka juu, limebakiwa na sekunde moja na nusu.